Nusu ya Salamu

Msibani kwa Mzee Shemhilu hakuna aliyemtazama Hizza usoni, naye akadhani ni heshima.

Alikaa kwenye mkeka wa wanaume, mgongo umenyooka kama mlingoti, akingoja aulizwe swali ambalo jibu lake alikuwa nalo tangu juzi. Mke wa mzee huyo, Bi Mwasiti, alikuwa amezikwa jana yake kando ya shamba la iliki. Asubuhi aliyokufa, simu ya kaya ilimwamkia kama ilivyomwamkia kila mtu mlimani Kwembilu. Ilimuuliza habari za kuamka, ikamsikiliza, ikaandika kwamba ni mzima. Adhuhuri mumewe alimkuta ameegemea kinu, mchi umelala miguuni pake.

Kipanga kilikuwepo, na hilo ndilo lililowauma watu. Tangu udongo uporomoke na kuimeza barabara, mlima mzima ulibaki na chombo kimoja tu cha kuruka cha kubebea wagonjwa. Watu walikiita Kipanga kwa jinsi kilivyoshuka uani na kumnyakua mtu. Siku hiyo kilikuwa kimetua zahanati, betri zimejaa, hakina pa kwenda. Kipanga hakiendi popote mpaka Sikio liseme.

Na Sikio lilikuwa la marehemu Nakiete. Nakiete alikuwa muuguzi wa Kipare aliyepanda mlimani akiwa msichana na asishuke tena. Alikuwa na kipaji kimoja: alisikia ugonjwa kwenye salamu. Ukimwambia hujambo, yeye anasikia figo. Alipozeeka, mafundi kutoka Tanga walimvika kofia ya nyaya wakamsikilizisha sauti za maelfu ya watu. Kile kilichopita kichwani mwake baina ya kusikia na kuamua wakakichukua, wakakisaga, kikawa msimbo wa mashine. Walisema kusaga kwa kuwa ndivyo ilivyo. Punje ukishazitia kinuni, unga wake unapikika lakini haupandiki. Hakuna awezaye kuufungua msimbo uliosagwa akasoma Nakiete aliwaza nini. Unauita tu, unaupa sauti, wenyewe unakurudishia tarakimu. Sifuri, mtu ni mzima. Moja, apite zahanati. Mbili, Kipanga kiende sasa hivi. Kiwanda kilichousaga kilikwisha kufungwa, na punje zake zilipotea nacho.

"Mpare ni Mpare," alisema mzee mmoja kutoka ng'ambo ya bonde, mtani wa marehemu Nakiete, akikipuliza kikombe chake. "Hata sikio katuachia nusu. Nusu nyingine kaenda nayo kaburini, isije ikatumika bure."

Watu wakacheka kicheko cha msibani, viganja mdomoni. Namkunda, binti wa Nakiete na mkuu wa zahanati, alikuwa akipita na birika. Alisimama mbele ya yule mzee, akamjazia kikombe mpaka ukingoni, akapita. Sauti yake ndiyo iliyowekwa kwenye simu zote kuwaamkia watu asubuhi. Kwa hiyo kila aliyekaa pale alikuwa ameulizwa habari na Namkunda siku hiyohiyo, na sasa alikuwa akimcheka mama yake.

Mwenyekiti Mdoe ndiye aliyemgeukia Hizza. Hakuuliza kwa ukali. Alisema watu wangependa kujua, kwa kuwa hii si mara ya kwanza. Kuna babu wa Kwekangaga aliyekutwa hajitambui wakati simu imesema mzima, na kuna yule bibi mwenye kisukari. Tangu programu mpya ianze, wazee wanaanguka. Je, kijana wetu anasemaje?

Kijana wao alikuwa akiyangoja hayo. Hakuwahi kukaa mbele ya mwalimu wa kompyuta wala wa ushairi. Vyote viwili alivipasua mwenyewe kama mtu apasuavyo kuni, kwa hasira na jasho, na hakuna alichokichukia kama kudhaniwa kwamba hajui. Zamani sauti za watu zilisafiri kwa redio mpaka kwenye mashine moja pale zahanati, zikapanga foleni, na wengine jibu lao lilifika jua limepanda. Hizza ndiye aliyeandika programu ya simu iliyolibeba Sikio ndani yake na kuliita papo hapo, kila nyumba na lake. Siku ya kuizindua alipanda jukwaani akaghani ubeti ambao watoto waliushika wakauimba wiki nzima:

*Daraja nimelijenga, la simu hadi sikio,*
*Hata mvua na vimbunga, ndilo letu kimbilio,*
*Mwenye hoja ya kupinga, na aje hapa kwa mbio,*
*Likianguka kwa janga, kwangu iwe ni kilio.*

"Daraja langu nalijua mimi," alisema sasa, bila kumtazama Namkunda. "Sauti inaingia, jibu linatoka. Jibu likiwa bovu, ubovu uko ng'ambo, si huku. Na ng'ambo hakuna wa kumuuliza. Sikio la mzee huzeeka."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Akasema basi baraza la Jumamosi litaamua. Sikio litafutwa kwenye simu zote na kwenye mashine ya zahanati, na serikali ya mlima italeta jingine kutoka mjini, lisilotokana na mtu. Sheria ilikuwa hivyo: msimbo wa mtu ukithibitika kudhuru, hauachwi ukining'inia. Unafutwa, na jina la mwenyewe linatajwa.

Mzee Shemhilu alikuwa amekaa pembeni, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

*

Kesho yake Namkunda alimfuata Hizza kwenye chumba cha mitambo cha zahanati, akaweka mezani simu ya kaya ya marehemu. Alisema Mzee Shemhilu ameikabidhi mwenyewe, hataki kuiona. Kisha akaomba jambo moja: Hizza aisikilize salamu ya mwisho ya Bi Mwasiti, kwa sababu simu huzitunza salamu kwa muda kabla ya kuzifuta. Kama Sikio la mama limekosea, alisema, yeye angependa kujua limekosea nini.

Hizza alibonyeza, mkono mmoja kwenye kikombe cha chai.

"Sijambo, mwanangu Namkunda," ilisema sauti ya bibi, ya taratibu, kama ya mtu anayekunja kanga. "Tumeamka salama, tunamshukuru Mungu. Mzee naye hajambo, ametangulia shambani. Mvua ya jana imetutendea wema, maharage yamesimama. Na yule mbuzi amezaa, pacha—"

Hizza alisimamisha. "Umesikia? Mtu anasimulia mbuzi. Hata mimi ningesema mzima."

"Malizia, Hizza."

"Dada, nina kazi."

"Malizia," alisema Namkunda. "Mama alikuwa akisema mtu mzima hajaanza kuongea mpaka atamke *ila*."

Hapo mlango ukagongwa. Kulikuwa na mtu aliyejikata panga, na Namkunda akaenda. Hizza akabaki na ile simu. Angeweza kuiacha. Aliibonyeza tena, si kwa wema, bali ili jioni aweze kusema ameimaliza na hakuna kitu.

"—pacha, wote majike. Na huko kwenu, watoto hawajambo?" Bibi akanyamaza kidogo, kama anayempa mwenzake nafasi ya kujibu, ingawa alijua anaongea na simu. "Haya, mwanangu. Ila kifua hiki. Tangu juzi kama kimekaliwa na mtu. Na mkono huu wa kushoto nikishika mchi unaachia wenyewe. Mzee sitaki kumsumbua. Lakini wewe nimekwambia."

Sauti ikakatika. Chai ikapoa.

Pembeni mwa chumba, chini ya kitambaa, bado ilikuwapo ile mashine ya zamani iliyokuwa ikipokea sauti za mlima mzima. Hizza aliifunua, akaiwasha, akaipa salamu ya bibi yote. Haikufikiri hata kidogo. Mbili. Akairudia salamu ileile kwenye simu, kupitia programu yake. Sifuri. Sikio lilelile, sauti ileile. Mashine ya zamani, mbili. Simu, sifuri. Akarudia mpaka mkono ukachoka, kama mtu anayepekua mfuko uleule akitafuta hela aliyokwisha kuiangusha njiani. Sikio halikuwa limezeeka.

Basi akafungua daraja.

Lilikuwa ni mistari michache tu. Lugha aliyoandikia programu ni lugha ya kisasa, yenye makelele. Ukikosea kitu inakupigia ukelele kama mama mkwe, inakuonyesha mstari, inakataa kuendelea. Ila msimbo uliosagwa hauna makelele. Uko kama mgeni mstaarabu, ukimpa nusu sahani atakula nusu, atashukuru, ataondoka, na hutajua kwamba alishinda na njaa. Anayeuita ndiye anayepaswa kuuambia ukweli: sauti inaanzia hapa, na urefu wake ni huu. Wenyewe hauhakiki. Unakuamini.

Sauti ndani ya simu hukatwakatwa kuwa chembe, na kila chembe hukaa kwenye baiti mbili, yaani visanduku viwili vya kumbukumbu ya mashine. Karatasi ya maelekezo ya Sikio ilisema wazi kwamba urefu utolewe kwa baiti. Hizza aliisoma karatasi hiyo mara moja, wima, huku akitafuta kina cha ubeti wake. Akatoa idadi ya chembe.

Nusu. Kila alfajiri, katika kila nyumba, alilipatia Sikio nusu ya sauti na kuliapia kwamba ndiyo yote.

Angezidisha urefu, simu zingezimika siku ya kwanza na kosa lingeonekana kabla ya chai. Kupunguza hakuzimi kitu. Na alipoijaribu programu aliijaribu kwa sauti yake mwenyewe, mtu asiye na muda wa kuzunguka. "Kichwa kinaniuma." "Nina homa tangu jana." Ugonjwa ulikuwa wa kwanza kutoka mdomoni, na Sikio likaudaka. Aliwajaribu vijana wenzake, nao ni hivyohivyo. Hakumjaribu mzee hata mmoja. Wazee walimchosha. Ukimuuliza mzee habari, anaanza na salama, anapita kwa Mungu, kwa mvua, kwa mbuzi, anakuuliza watoto usio nao, ndipo alete lile lililomleta.

Aliyekufa na walioanguka walikuwa wenye adabu. Sikio lilisikia *salama*. *Ila* haikuwahi kuvuka daraja.

Hizza alihisi joto likimpanda shingoni, likaingia masikioni, likakaa humo. Alitazama mlango. Hilo ndilo alilojichukia kwalo baadaye kuliko yote: jambo la kwanza alilolifanya baada ya kujua ni kutazama kama mlango umefungwa.

Namkunda aliporudi, mikono yake ikinuka dawa, alimkuta ameifunika mashine.

"Umepata nini?"

"Bado naangalia," alisema Hizza.

Namkunda aliangalia kitambaa cha mashine. Kilikuwa kimewekwa upande wa nyuma mbele. Akachukua kikombe cha chai iliyopoa, akaenda kukiosha.

*

Mstari ulirekebishwa kwa kuongeza *mara mbili*. Ndiyo yote. Jioni hiyohiyo simu zote za mlima zikapokea toleo jipya, na katika maelezo yake Hizza aliandika kwamba ni maboresho madogo.

Asubuhi Kipanga kiliruka, kikarudi, kikaruka tena. Kilimleta babu mwenye maji kwenye mapafu, kikamleta mwanamke ambaye hakuwa amemwambia mtu kwamba anatokwa damu. Watu wakatoka uani kukitazama kikikata ukungu. Na habari ikashuka bondeni kabla yake: Hizza ameliamsha Sikio. Kijana kakaa na lile limsimbo la Mpare mchana kutwa, kalifunga kamba, sasa linatii.

Walimsifu sokoni. Mama mmoja alimtilia viazi vya ziada kwenye mfuko. Yule mzee mtani alimpiga begani akamwambia kumbe Mpare ukimbana hutoa na ile nusu aliyoficha. Hizza alicheka. Alikisikia kicheko chake mwenyewe kikitoka, chembamba, cha kuazima, akatamani ardhi impasukie. Kiburi alikuwa amekijua maisha yake yote na alikibeba kama nguo. Hiki kilichomwingia sasa hakikuwa nguo. Kilikaa chini ya ngozi. Akila kilikuwamo, akiamkia watu kilikuwamo.

Alijitetea, maana kichwa kinachojua kuandika programu kinajua pia kuandika utetezi. Bi Mwasiti hafufuki. Kosa limeshaondoka. Nakiete ni marehemu na marehemu haoni haya. Hakuna duniani awezaye kuthibitisha lolote: msimbo uliosagwa hausemi ulipewa nini, na ule mstari wa zamani ameshaufuta. Yeye je? Yuko hai, ana jina, na hilo jina ndilo pekee alilonalo. Mlima utamwamini nani tena kuandika kitu? Ikiwa yeye hataaminika, si watu ndio watakaoumia?

Kila hoja ilisimama vizuri, ina vina na mizani. Na kila ilipokwisha, ilijibiwa na sauti ileile ya taratibu: *Lakini wewe nimekwambia.*

Hata hivyo baraza la Jumamosi lilibaki palepale, kwa kuwa msimbo uliokwisha kudhuru hufutwa hata ukitii. Ijumaa Namkunda alikuja chumba cha mitambo. Hakuzungumzia kosa. Aliuliza tu kufuta kunachukua muda gani, na kama kuna kitu kinachosikika wakati wa kufuta. Hizza akamwambia hakuna, ni kimya.

"Basi nitaomba niwepo," alisema Namkunda. "Alipokufa nilikuwa safarini. Wakati mwingine asubuhi, kabla ya watu, huwa ninamwamkia. Namwambia salama, ananirudishia sifuri. Nikiwa na homa anajua. Najua si yeye. Ila hakuna mwingine anayenijua hivyo."

Hizza alifungua mdomo. Mbele yake alikuwa mtu mmoja, mlango umefungwa, na neno lilikuwa fupi. Akasema, "Pole, dada." Namkunda akashukuru, akatoka.

*

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa zahanati, Kipanga nyuma yao kikiwa kimekunja mabawa. Mwenyekiti Mdoe alisoma jina la Nakiete kwa ukamilifu, na la baba yake, na la kijiji chao kule Upareni, kama sheria inavyotaka. Alisoma kwamba msimbo wake ulimdhuru Bi Mwasiti. Akauliza kama yupo mwenye neno kabla ya kufuta. Namkunda alikuwa mstari wa mbele, amevaa sare yake iliyopigwa pasi, macho yake chini.

Hizza akasimama. Hakukumbuka kuamua kusimama. Alishangaa kuona watu wamekuwa wafupi.

"Sikio halina kosa," alisema. "Kosa ni—"

"Kijana."

Sauti ilitoka pembeni, haikuwa kubwa. Mzee Shemhilu alikuwa amekaa kwenye kigoda, shuka lilelile limemfunika mpaka kidevuni. Watu waligeuka, kwa sababu tangu msiba hawajamsikia.

"Unapita mbele yangu, unaanza kusema. Hujaniamkia."

Wengine walitabasamu. Hizza hakujua pa kuweka mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama," alisema Hizza, na neno likamchoma ulimi, kwa kuwa ndilo lilelile.

"Nyumbani?"

"Salama. Mama hajambo."

"Mvua imewafikia?"

"Imefika, mzee. Tunashukuru."

Mzee Shemhilu hakuwa na haraka. Alilikunja shuka, akaliweka magotini, akatoa mikono yake nje kama mtu anayeweka chini mizigo aliyoibeba ili apokee mwingine. Ndipo Hizza alipoelewa kitu ambacho hakuna karatasi ya maelekezo iliyomwambia. Alikuwa amedhani *salama* ni ganda ambalo mtu mwerevu hulibandua upesi. Kumbe ni muda anaopewa msikilizaji akae vizuri. Bi Mwasiti alikuwa akimpa Nakiete nafasi ya kukaa vizuri.

"Ila?" alisema mzee, kwa upole.

"Ila," alisema Hizza. Akaanza upya. "Ila mke wako alisema, mzee. Asubuhi ile alisema kila kitu. Alisema kifua, akasema mkono wa kushoto. Sikio halikusikia kwa sababu mimi nililipatia nusu tu ya maneno yake. Daraja nililojenga lilikata kila salamu katikati. Karatasi ilisema nifanye vipi, na sikuisoma vizuri kwa kuwa nilijiona najua. Nililigundua kosa kabla ya leo, nikalirekebisha kimyakimya, nikapokea sifa, nikamwacha huyu dada amlilie mama yake mara ya pili. Nakiete hakuacha nusu. Mimi ndiye niliyekata nusu."

Hakuna aliyepiga kelele. Angependa wapige. Yule mzee mtani alikuwa akitazama viganja vyake. Kisha mahali fulani nyuma, mtu mmoja akaghani kwa sauti ya chini, bila dhihaka, kama anayekumbuka tu: *Likianguka kwa janga, kwangu iwe ni kilio.* Ubeti wake mwenyewe ulipita juu ya vichwa vya watu, ukatua pale aliposimama. Vina vilikuwa sawa. Mizani ilikuwa sawa. Hajawahi kusikia kitu kibaya kama hicho.

Namkunda aliinua macho. Hayakuwa na msamaha. Yalimtazama mpaka yeye akainamisha yake.

"Niliona umekirudisha kitambaa nyuma mbele," alisema. "Nimengoja tangu siku hiyo."

Mwenyekiti aliikunja karatasi yenye jina la Nakiete, akaichana mara mbili, akampa Namkunda vipande. Baraza likasema Sikio libaki. Likasema Hizza asiliguse daraja tena mpaka mtu mwingine asome kila mstari wake kwa sauti, naye asikilize. Wapo waliotaka ahame mlima. Hilo waliliacha mikononi mwa Mzee Shemhilu, kwa kuwa msiba ni wake.

Mzee aliomba kwanza ile simu. Hizza akamletea kwa mikono miwili, akamwambia kuna neno ndani ambalo marehemu hakutaka mumewe alisikie. Mzee akasema amekaa na mke huyo tangu hana mvi, anajua neno lenyewe ni lipi. Akaenda kukaa nyuma ya Kipanga, peke yake, simu sikioni. Walimwona mgongo tu. Aliposikia mbuzi amezaa pacha, mgongo ukatikisika, na kwa mbali ilikuwa kama anacheka. Kisha ukatulia muda mrefu.

Aliporudi alitamka hukumu yake kwa maneno machache. Simu hataiweka tena nyumbani mwake. Atakayemwamkia asubuhi atakuwa kijana huyu, kwa mdomo wake, kwa miguu yake. "Na asinikate," alisema.

*

Njia ya kwenda kwa Mzee Shemhilu hupanda katikati ya iliki, inateleza, na asubuhi ya kwanza Hizza alifika na matope mpaka magotini. Kwenye kizingiti cha mlango alikuta kinu kimegeuzwa kifudifudi. Mzee alikuwa amekaa juu yake akiota jua ambalo halijatoka.

Hizza alitoa shikamoo. Akaitikiwa. Akauliza mzee ameamkaje.

Mzee akasema ameamka salama, anamshukuru Mungu. Akasema mvua ya usiku haikuwa na upepo, maharage hayakulala. Akasema wale mbuzi pacha wameanza kurukaruka, mmoja mkorofi, mwingine mpole. Akauliza mama yake Hizza anaendeleaje na mguu, na Hizza, ambaye hakujua kwamba mama yake ana mguu unaouma, akaona haya upya, akasema atamuuliza. Mzee akazungumzia bei ya iliki. Akazungumzia jirani aliyehamisha mpaka. Ukungu ulipanda ukawapita. Matope yalikauka kwenye miguu ya Hizza yakaanza kuwasha, naye hakujikuna, hakutazama njia, wala hakusogea.

Mzee akanyamaza. Hizza akangoja. Hapakuwa na kitu cha kuita, wala tarakimu ya kurudishiwa. Alikuwa ni yeye tu na masikio yake mawili ya kawaida, yasiyo na kipaji.

"Haya," alisema Mzee Shemhilu mwishowe, akipapasa kinu chini yake. "Ila nyumba imekuwa kubwa."